Mbichi, Mbivu na Mbovu: Msamiati wa Mapishi ya Kiswahili na Jiko la Mzazi Afanyaye Kazi

IKISIRI

Makala haya yanachunguza msamiati wa mapishi katika Kiswahili kwa kuuhusisha na hali ya wazazi wa mijini nchini Kenya ambao hufanya kazi kutwa na kurejea nyumbani jioni wakiwa na muda mfupi wa kuandaa chakula. Hoja kuu ni kwamba msamiati huu si orodha ya majina tu, bali ni mpangilio wa kazi. Huonyesha ni shughuli ipi yaweza kutangulizwa, ipi ingoje hadi chakula kikaribie kuliwa, na ni wakati gani chakula kimeacha kuwa chakula. Kwa sababu hiyo, maneno haya yanapopotea vinywani mwa watoto, maarifa ya kupika kwa viambato vibichi hupungua pamoja nayo. Makala yanapendekeza jiko la nyumbani litazamwe kuwa mahali pa kujifunzia Kiswahili.

1. UTANGULIZI

Mzazi aishiye katika mtaa wa nje ya jiji la Nairobi na kufanya kazi katikati ya jiji aghalabu hutoka kazini saa kumi na moja jioni. Akishakwama katika msongamano wa magari, hufika nyumbani saa moja au baadaye. Watoto wana njaa na kazi ya shule haijakamilika. Chakula kinatakiwa mezani kabla ya usingizi kuwazidi walio wadogo. Katika hali hiyo, vibanzi vya kununua njiani, soseji na mkate huwa jibu la haraka. Si kwamba mzazi huyo hajui ubora wa mboga, kunde na samaki. Mara nyingi huamini kwamba kupika vyakula vya namna hiyo kunahitaji saa nyingi ambazo yeye hana.

Imani hiyo ina ukweli nusu. Maharagwe makavu hayaivi kwa dakika ishirini katika sufuria ya kawaida. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya muda ambao chakula hukaa motoni na muda ambao mpishi husimama mbele ya moto. Tofauti nyingine ni kati ya kazi inayolazimika kufanywa jioni na ile iliyoweza kufanywa juzi. Makala haya yanadai kwamba Kiswahili kimeziweka wazi tofauti hizi katika vitenzi vyake. Anayelijumlisha kila jambo katika neno "kupika" huona mlima mmoja mkubwa. Anayejua kuchambua, kuloweka, kutokosa, kuunga na kupasha huona hatua, na hatua zaweza kugawanywa.

Mkabala unaotumika ni ule wa uwanja wa maana, ambao Jost Trier aliuendeleza mwaka 1931 akisisitiza kwamba neno hupata maana yake kutokana na nafasi yake miongoni mwa maneno jirani. Adrienne Lehrer aliutumia mkabala wa aina hii kuchanganua msamiati wa upishi mwaka 1969. Msamiati wa mapishi ya Kiswahili unastahili kuangaliwa vivyo hivyo, na jiko la mzazi mwenye shughuli nyingi ni mahali pazuri pa kuupimia.

2. MBICHI, MBIVU, MBOVU

Mwanaanthropolojia Mfaransa Claude Lévi-Strauss, katika insha yake ya mwaka 1965 kuhusu pembetatu ya mapishi, alipendekeza kwamba wanadamu hukigawa chakula katika hali tatu: kibichi, kilichopikwa na kilichooza. Kwake, kupika ni mabadiliko yaletwayo na utamaduni, ilhali kuoza ni mabadiliko yaletwayo na maumbile.

Mwanafunzi wa Kiswahili huiona pembetatu hiyo katika vivumishi vitatu vya kila siku: -bichi, -bivu na -bovu. Hata hivyo, vivumishi hivi havikubaliani kikamilifu na mgawanyo wa Lévi-Strauss. Embe huiva mtini kwa jua, na nyama huiva chunguni kwa moto. Kitenzi ni kimoja, -iva. Kadhalika, embe bichi halijaiva na nyama mbichi haijapikwa, nazo kuni mbichi hazijakauka. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, basi, kazi ya jua na kazi ya moto ni safari moja. Mpishi huendeleza kile ambacho shamba lilikianza.

Jambo hili lina uzito kwa mada ya vyakula vya nyumbani. Siku hizi wauzaji wengi mijini husema mboga "freshi". Neno hilo limezoeleka na halina ubaya, lakini lina maana moja tu. Mboga mbichi, kwa upande mwingine, ni ile ambayo bado ina maji yake, haijanyauka, wala haijapitia moto. Tukisema "kijani kibichi" twaielewa mara moja rangi ya jani lililochumwa karibuni. Kwa kutumia neno moja kwa hali zote hizo, lugha humkumbusha mpishi kwamba ubichi ni hali ya muda. Kitu kibichi kina njia mbili tu mbele yake: ama kiive, ama kioze. Mzazi aliyenunua mboga Jumamosi na kuzisahau hadi Alhamisi anaifahamu njia ya pili.

Kiswahili pia hutaja hatua kwa nomino. Mpunga uko shambani, mchele uko guniani na wali uko sahanini. Nazi hukunwa na kukamuliwa, ikatoa tui zito la kwanza liitwalo kasimele, kisha tui jepesi, na mwisho hubaki chicha. Mpishi wa pwani hupikia tui jepesi kwanza, akaja kutia kasimele mwishoni. Majina yenyewe yameonyesha utaratibu. Katika sehemu nyingi za bara husikika mtu akisema kwamba amekula "mchele". Walimu husahihisha kauli hiyo kama kosa la msamiati, na ni kosa kweli. Zaidi ya hayo, ni dalili kwamba msemaji ameacha kutofautisha kitu na hali yake.

3. VITENZI VYA KABLA YA MOTO

Kundi la kwanza la vitenzi huhusu kazi zinazofanywa kabla ya sufuria kutelekwa jikoni. Miongoni mwake ni kuchambua, kupeta, kupukuchua, kumenya, kuosha, kuloweka, kukatakata na kuchanyata. Sifa inayoviunganisha ni kwamba havihitaji moto. Kwa hiyo vyaweza kufanywa wakati wowote, na mtu yeyote mwenye mikono safi, akiwa ameketi.

Kitenzi kuchambua chajulikana sana na wanafunzi wa fasihi, kwa kuwa shairi na riwaya huchambuliwa. Asili ya matumizi hayo iko katika kazi ya mikono. Anayechambua mboga hutenga jani zuri na bovu, huondoa bua gumu na kuacha kinachofaa. Kazi hiyo yaweza kufanywa Jumamosi alasiri huku wazazi na watoto wakizungumza. Majani yaliyochambuliwa, yakafungwa katika kitambaa au karatasi kavu na kuwekwa katika friji, hudumu vyema kwa siku kadhaa kuliko yaliyotupwa humo yakiwa na maji na mabua yaliyooza.

Utaratibu wa vitenzi una sababu zake. Mboga huchambuliwa, huoshwa, kisha hukatwa. Anayekata kabla ya kuosha huruhusu vitamini C na virutubishi vingine viyeyukavyo majini vitoke kupitia sehemu zilizokatwa. Hapa pana mgongano na desturi ya mijini. Muuza mboga wa mtaani, yule aitwaye mama mboga, humsaidia mteja wake wa jioni kwa kumkatia sukuma wiki nyembamba hapo hapo kibandani. Huduma hiyo huokoa muda, ila mara nyingi majani hukatwa kabla ya kuoshwa. Njia ya kati ni kumwomba ayaoshe kwanza kwa maji safi, au kununua majani mazima na kuyakata nyumbani. Majani ya kuwatosha watu wanne hukatwa kwa dakika chache tu.

Kuloweka ni kitenzi kingine chenye faida kubwa kwa asiye na muda, kwa sababu humfanyia mtu kazi akiwa amelala. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva haraka kuliko makavu, na hutumia kuni, makaa au gesi kidogo. Kamande hazihitaji kulowekwa, nazo ndengu huiva mapema kuliko maharagwe. Mzazi aliyesahau kuloweka bado ana la kufanya.

4. KUTOKOSA NA KUUNGA

Kundi la pili ni la vitenzi vya moto. Vikichanganuliwa kwa vijenzi vya maana, tofauti zake hujitokeza bayana. Kutokosa ni kuivisha kwa maji bila mafuta wala viungo, kama vile viazi vya kutokosa. Kupwaza ni jirani yake, na husemwa hasa kuhusu muhogo, ndizi na vyakula vya namna hiyo vinavyochemshwa vivyo hivyo. Kukaanga huhitaji chombo na moto, mara nyingi pamoja na mafuta, ingawa njugu na buni hukaangwa pasipo mafuta. Kuchoma ni kukiweka chakula motoni moja kwa moja. Kubanika ni kukiivisha polepole juu au kando ya makaa, kama afanyiwavyo samaki. Kuoka huhitaji joto linalokizunguka chakula.

Kitenzi kuunga kinatofautiana na vyote hivyo. Huhusisha mafuta, vitunguu, nyanya, viungo na mara nyingine tui, lakini kijenzi chake muhimu ni kwamba kinachoungwa, katika visa vingi, kimekwisha kuiva. Maharagwe ya kuunga hutokoswa kwanza. Maana ya msingi ya kuunga ni kuleta pamoja vitu viwili, na ndiyo maana kiungo ni kitu kitiwacho mchuzini na pia ni sehemu ya mwili ambapo mifupa hukutana. Mpishi anayeunga hukutanisha kazi ya jana na kazi ya leo.

Jozi hii ya kutokosa na kuunga ndiyo msingi wa jiko la mzazi afanyaye kazi. Kutokosa huchukua muda mrefu lakini hakuhitaji mtu asimame hapo, isipokuwa kuangalia maji yasikauke. Kuunga huhitaji mtu mwenyewe, lakini hukamilika kwa dakika kumi na tano au ishirini. Cha kwanza ni cha mwisho wa juma na cha pili ni cha jioni ya kazi. Wazungumzaji wengi wachanga mijini husema "kuboili" na "kufurai". Maneno hayo mawili hutaja maji na mafuta, lakini hayabebi maana iliyomo katika kuunga, yaani chakula kilichokwisha kutangulizwa na sasa chakamilishwa. Asiye na neno hilo hulazimika kueleza kwa sentensi nzima kile ambacho mwenzake anakitaja kwa kitenzi kimoja. Yumkini pia haioni kama hatua inayojitegemea.

Tahadhari moja ya kitaalamu ni muhimu hapa. Maharagwe mekundu yakiwa mabichi yana sumu ya asili ambayo huweza kusababisha kutapika na kuhara. Hulowekwa kwa muda usiopungua saa 5, maji yale humwagwa, kisha huchemshwa katika maji mapya yanayotokota kwa nguvu kwa muda usiopungua dakika 10 kabla ya kuendelea hadi yalainike. Moto hafifu peke yake hauiondoi sumu hiyo.

5. MFANO WA JUMA MOJA

Ili kuonyesha jinsi vitenzi vinavyoweza kuwa ratiba, ufuatao ni mfano wa familia ya watu wanne yenye friji ndogo.

Jumamosi: Kwenda sokoni, kuchambua mboga, kupukuchua mahindi mabichi, na usiku kuloweka kilo moja ya maharagwe.

Jumapili: Kutokosa maharagwe na mahindi, kila kimoja katika sufuria yake. Vikipoa kidogo hugawanywa katika vyombo vidogo vyenye mifuniko. Sehemu ya Jumatatu huwekwa katika friji, na zilizobaki hugandishwa katika sehemu ya barafu.

Jumatatu: Kuunga maharagwe kwa vitunguu, nyanya na dania huku wali ukiiva kando.

Jumanne: Kukaanga sukuma wiki au mchicha kwa muda mfupi, kukaanga omena au mayai, na kusonga ugali.

Jumatano: Kuunga sehemu ya pili ya maharagwe kwa tui la nazi. Chapati zaweza kuwa zilizosukumwa Jumapili.

Alhamisi: Kutokosa kamande na kuziunga jioni hiyo hiyo, kwa kuwa huiva kwa takriban nusu saa.

Ijumaa: Kuchanganya mahindi na maharagwe yaliyobaki kuwa githeri, kuiunga kwa karoti, na kutia majani ya kunde dakika za mwisho.

Katika juma zima, kutokosa kwa muda mrefu kumefanywa mara moja tu. Jioni nne kati ya tano zimetumia kuunga na kukaanga, na hakuna chakula kilichotoka katika kopo la kiwandani. Mafuta, chumvi na sukari vimebaki mikononi mwa mpishi mwenyewe.

Si kila nyumba ina friji, na ratiba isiyozingatia jambo hilo ni ya watu wachache. Nyumba isiyo na friji hutumia kanuni ileile kwa mzunguko mfupi: kuloweka asubuhi, kutokosa na kuunga jioni, na kupika kiasi kitakacholiwa. Kamande na ndengu ndizo zifaazo zaidi hapo. Sufuria ya presha hupunguza muda wa kutokosa kwa kiwango kikubwa. Mboga hununuliwa kila siku kwa kipimo cha siku hiyo, na hapo ndipo kibanda cha mama mboga huwa ghala la mtaa mzima.

Mboga zenyewe zina majina yanayostahili kutunzwa. Zile zijulikanazo sana mijini kama managu na saga huitwa mnavu na mgagani katika Kiswahili, na pamoja nazo kuna mchicha, mrenda, kisamvu na kunde. Mwaka 2021, juhudi za Kenya za kukuza vyakula vya asili na kulinda desturi za mapishi yake ziliingizwa na UNESCO katika rejista ya mifano bora ya kuhifadhi urithi usioshikika. Kwa mzazi mwenye haraka, habari njema ni kwamba nyingi za mboga hizi huhitaji kuchambuliwa kwa uangalifu lakini hazikai motoni kwa muda mrefu.

6. KIPORO NA KUCHACHA

Uwanja huu wa maana una ukingo wake wa mwisho. Chakula kilichobaki usiku na kuliwa siku ya pili huitwa kiporo, au mwiku. Kuwapo kwa majina haya kwaonyesha kwamba jamii ya Waswahili haikuona aibu kula kilichobaki. Kiporo kina hadhi yake, na hupashwa moto. Hata hivyo, kiporo si sawa na chakula kilichochacha. Kuchacha ni kugeuka na kuwa kikali kwa ladha na harufu, na ni hatua ya kuelekea kuwa kibovu. Maziwa lala, ambayo kwa ufupisho huitwa mala, nayo hugeuka ladha, lakini hayo hugeuzwa kwa makusudi na huliwa. Lugha inatofautisha uchachu uliokusudiwa na uharibifu.

Pua na ulimi, hata hivyo, havitoshi kuwa waamuzi, kwa sababu baadhi ya vijidudu hatari havibadilishi harufu. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji kwa zaidi ya saa 2, kihifadhiwe katika baridi, ikiwezekana chini ya nyuzi 5 za selsiasi, na kinapopashwa moto kipate joto la zaidi ya nyuzi 70 hadi ndani. Ushauri mwingine wa shirika hilo ni kutenganisha vyakula vibichi na vilivyopikwa. Wazungumzaji wa Kiswahili husema watajua mbivu na mbichi wakimaanisha kupambanua ukweli. Jikoni, upambanuzi huo ni wa kisu na kibao: kilichokatia kuku mbichi kioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari.

7. MTOTO JIKONI

Hatari inayozikabili istilahi hizi ni kwamba zinakosa warithi. Katika shule za sekondari nchini Kenya, somo ambalo kwa Kiswahili huitwa sayansikimu hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Somo la Kiswahili, kwa upande wake, huwa na vifungu vya ufahamu kuhusu lishe, lakini mwanafunzi huvisoma bila kushika mwiko. Maneno hukutana na mtihani wala hayakutani na sufuria. Katika nyumba nyingi za mijini ambamo wazazi huzungumza Kiingereza na watoto, yaya ndiye anayezungumza Kiswahili, na mara nyingi ndiye anayepika. Mtoto akiambiwa asiingie jikoni, hupoteza mwalimu wa lugha na mwalimu wa mapishi kwa wakati mmoja.

Ikumbukwe pia kwamba Kiswahili hakibainishi jinsia katika nomino mpishi wala mzazi. Ngeli ya A-WA humpokea baba sawa na mama. Desturi ndiyo iliyomfungia mama jikoni, si sarufi. Nyumba ambamo wazazi wote wawili hutoka asubuhi na kurudi usiku, lakini mmoja tu ndiye hutarajiwa kuteleka na kuepua, haina upungufu wa muda tu bali pia wa haki. Kugawanya kazi kwa vitenzi hurahisisha ugawanaji huo: mmoja amenye, mwingine aunge, na mtoto achambue.

Mtoto wa miaka sita hawezi kuachiwa moto, lakini aweza kuchambua kamande, kupukuchua mahindi na kutaja kila afanyalo. Wa miaka kumi aweza kuosha na kukata akisimamiwa. Kijana wa miaka kumi na minne aweza kuunga maharagwe kabla wazazi hawajafika. Hatua hizi zinalingana na ukuaji wa mtoto. Methali isemayo "samaki mkunje angali mbichi" hutumiwa kuhusu malezi, lakini asili yake ni kazi ya mpishi, na mtoto ambaye hajawahi kumwona samaki mbichi akikunjwa huikariri pasipo kuiona picha iliyomo.

8. HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba msamiati wa mapishi ya Kiswahili umepangwa kwa hatua, na kwamba hatua hizo zaweza kumsaidia mzazi asiye na muda kupika chakula cha nyumbani kwa viambato vibichi. Vitenzi vya kabla ya moto vyaweza kutangulizwa na kugawanywa miongoni mwa jamaa. Kutokosa kwaweza kufanywa mara moja kwa juma. Kuunga hubaki kuwa kazi fupi ya jioni. Kiporo huhifadhiwa na kupashwa, na kilichochacha hutupwa.

Haidaiwi kwamba maneno pekee hujaza sahani. Bei ya gesi, ukosefu wa maji na saa zinazopotea barabarani haziondolewi na kamusi. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hutambua haki ya kila mtu kupata chakula cha kutosha na chenye ubora unaokubalika, na kutekelezwa kwake ni wajibu mpana kuliko jiko la mtu mmoja. Hata hivyo, mzazi anayejua hatua za kazi yake ana njia zaidi kuliko asiyezijua.

Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili, wakati wa likizo, wakusanye vitenzi vya mapishi kutoka kwa wazee, wapishi na yaya wa maeneo yao, wakivirekodi pamoja na maelezo ya kazi inayofanywa. Wahadhiri wa semantiki nao waweza kutumia uwanja huu badala ya mifano iliyotafsiriwa kutoka lugha nyingine. Ukusanyaji huo ufanyike mapema, wakati wazee wanaovijua vitenzi hivi wangali wakipika.

MASWALI YA MJADALA

1. Tumia vijenzi vya maana kutofautisha kuchoma, kubanika na kuoka.

2. Eleza uhusiano uliopo kati ya maana ya kuchambua jikoni na katika uhakiki wa fasihi.

3. Je, "kufurai" na kukaanga ni visawe? Toa sababu kutokana na matumizi ya eneo lako.

4. Orodhesha vitenzi vitano vya mapishi katika lugha yako ya kwanza ambavyo havina kisawe cha neno moja katika Kiswahili, na ujadili jinsi vinavyoweza kuingizwa.